Siku Ile Nilikuwa Nimeacha

Gachoka, Jumapili jioni

Mwanangu Ireri,

Umeenda na baba yako kumuaga cucu, mama yake, na kwa jinsi ninavyomjua hutarudi upesi. Lazima akuombee, kisha akupikie, kisha akuombee tena. Basi nina muda. Mambo ya baridi ya Meru na sweta na viatu vya matope baba yako ameshakuambia, na mimi sitayarudia. Unaenda kwa wajomba zako. Huko hutalala njaa.

Nataka tuzungumze juu ya lile neno ulilolisema mezani juzi. Baba yako alikuuliza hayo mafunzo ya uraibu ni ya nini tena, na wewe umeshamaliza chuo cha saikolojia. Ukamjibu, "Ni sharti tu, Dadi. Bila hayo hupewi leseni. Naenda napiga masaa yao, wananisainia, narudi kwa mambo yangu." Dada yako Wawira akakuuliza mambo yako ni yapi. Ukasema ndoa, na watu wa maofisini. Halafu ukacheka, ukaongeza, "Walevi watanisamehe."

Dada yako akaangalia sahani yake. Wewe ukaniangalia mimi, uso ukakushuka, ukaanza, "Mami, sikuwa namaanisha..." Nami nikakusanya vyombo nikaondoka. Sikukasirika, Ireri. Nataka ulijue hilo kabla hujasoma mbele. Niliondoka kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusema na sikuona pa kuanzia. Ajabu ni kwamba kila Alhamisi nakaa kwenye ukumbi wa kanisa na watu ambao wengine siwajui hata jina la pili, nawaambia mimi nilikuwa mlevi, na sauti haitetemeki. Lakini nikikaa na wewe, tunazungumza juu ya mvua.

Habari yangu unaijua kwa nje. Uliishi nayo. Ulirudi kutoka shule ukakuta duka limefungwa mchana na wateja wanagonga. Ulijifunza kusonga ugali ukiwa hujafika kimo cha meko. Ulijua kutambua nimelewa kwa jinsi nilivyoburuta ndara. Hayo sina la kukufundisha. Usichokijua ni vyumba: vile vyumba vidogo vyenye viti viwili na boksi la tishu, nilimoingia mara nyingi kabla sijapona, na watu waliokaa kwenye kile kiti ambacho kesho kutwa utakikalia wewe. Wacha nikusimulie juu yao. Wawili wa kwanza sitawataja majina.

Unajua nilizaliwa karibu na Laare, kwenye miraa, na miraa ndiyo iliyonisomesha, kwa hivyo hutanisikia nikiitukana. Kwetu mwanamke kutafuna ilikuwa aibu, na sikutafuna mpaka nilipoolewa huku Mbeere. Hapo baba yako alikuwa akifuata kazi za nyaya za stima Isiolo na Marsabit, na mimi nilikuwa na duka. Muguka, miraa ya huku, ulikuja kwenye magunia asubuhi, na lazima muuzaji aonje ajue kama ni wa leo au wa jana. Nikawa naonja. Baadaye nikawa naonja hata ule ambao nimeshaujua. Ukitafuna mchana kutwa, usiku macho hayafumbi, unahesabu mabati. Mteja wangu mmoja akanionea huruma, akaniambia, "Mama Wawira, si uchukue kakitu kadogo ka kuzima stimu?" Vile vichupa vya plastiki vya pombe kali nilikuwa naviuza mwenyewe, nyuma ya kaunta. Sikuhitaji hata kuvaa viatu.

Hivyo tu. Hakuna jambo kubwa lililotokea. Watu kwenye kikundi cha Alhamisi hutaka kusikia kisa kikubwa, nami sina.

Kisha mama yangu akafa, na huzuni ikanipa sababu nzuri ya kufanya kile ambacho tayari nilikuwa nakifanya. Baba yako akaona nimekonda, silali, nalia ovyo, akanipeleka Embu kwa mwanasaikolojia. Huyo ndiye wa kwanza. Mama wa makamo, mpole, leseni yake iko ukutani ndani ya fremu. Alikuwa mzuri, Ireri, na nasema hivyo bila kejeli. Alinifanya nikamlilia mama yangu kwa namna ambayo sikuweza kumlilia kaburini, na mpaka leo namshukuru. Aliniuliza, "Unalala vipi?" Nikamwambia silali. "Na ukilala, unaota nini?" Nikamwambia namwota mama. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini hakuniuliza nafanya nini ili nilale.

Nilikuwa nikitafuna peremende nikiwa kwenye ngazi, kabla ya kuingia. Nikitoka, kabla sijafika stendi nilikuwa nimenunua kichupa. Siku moja niliingia nimelewa kabisa. Nililia mpaka nikashindwa kusema, nikaegemea meza. Akanishika mkono, akaniambia, "Leo tumepiga hatua kubwa."

Usimcheke. Mimi nilikutana naye miaka baadaye, kwenye arusi ya binti wa rafiki yake baba yako. Tukasalimiana vizuri, nikamwambia nimeacha pombe siku nyingi. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna msiba. "Kwani ulikuwa unakunywa?" Nikamwambia nilikuwa nakunywa hata mbele yake. Akavuta kiti akaketi. Akasema, "Sisi tulifundishwa kwamba walevi wana watu wao. Mlevi akija, unamwelekeza kwa hao watu. Hatukufundishwa kwamba atakuja akiitwa kitu kingine."

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Kwa sababu mimi, kila nilipokaa kwenye kile kiti, nilikuwa nasubiri aulize. Angeuliza mara ya kwanza, ningemdanganya. Mara ya pili pia. Lakini ningejua kwamba ndani ya chumba kile swali lipo, na siku moja ningelichukua.

Wa pili alikuwa mwanamume, kijana kiasi, msomi wa saikolojia, aliyetafutwa na watu wa kanisa letu. Huyu hakuhitaji kuuliza. Nilipoketi tu alisema, "Mama, hata sasa umelewa." Nikampenda hapo hapo. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akaniambia nitoe picha ya watoto. Nilikuwa na ile picha yenu ya shule, wewe na Wawira, sweta za kijani, wewe umefumba jicho moja. Akaiweka mezani katikati yetu.

"Unachagua nini? Hawa au chupa?"

"Hawa."

"Basi unaacha lini?"

"Leo."

"Leo leo?"

"Leo leo."

Akanipa mkono, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alikuwa mtu mwema. Nikarudi nyumbani nikatoa kila kitu kilichokuwa nyuma ya kaunta na chini ya kitanda, nikamwaga nyuma ya choo, majirani wakiniona. Nikawaita wewe na dada yako. Nikawaambia, "Mama ameacha. Kwa ajili yenu." Wewe ukaniuliza, "Kabisa?" Nikakuambia kabisa. Ulikimbia uwanja mzima ukipiga kelele, ukamwambia mpaka mbwa.

Siku iliyofuata mikono ilianza kunitetemeka hata nikashindwa kupima sukari. Nikafikiri ni malaria. Nilitoka jasho, nikatapika, moyo ukawa unakimbia nikiwa nimeketi. Baadaye nikaanza kuona siafu ukutani, wengi, na nakumbuka nilichukua kitambaa nikawa nawapangusa, nao wanarudi. Sikutaka kumwita mtu. Niliona nikimwita mtu atasema nimekunywa.

Yaliyofuata unayajua wewe kuliko mimi. Ulirudi kutoka shule ukanikuta sakafuni dukani, nimeuma ulimi, damu mdomoni, nguo zimelowa, mwili unaruka. Ukakimbia kwa Mzee Hassan wa buchari. Yeye na mkewe, Mama Zuhura, wakanibeba mpaka kwenye pikapu yake, juu ya yale magunia anayotandikia nyama. Nilikuwa nimeanza kurudiwa na fahamu wakati wananipandisha, ingawa sikuweza kufungua mdomo. Nikakusikia ukimwambia Wawira, "Alitudanganya."

Nililisikia, Ireri. Nimekaa nalo miaka hii yote.

Sasa nisikilize. Siku ile sikuwa nimelewa. Siku ile nilikuwa nimeacha.

Nilikuwa sijaonja hata tone tangu nilipowaita uwanjani. Kile ulichokiona sakafuni ndicho kinachoupata mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla. Wapo wanaokufa hivyo, wakiwa wameacha, wakiwa wametimiza ahadi. Daktari wa zamu alimuuliza Mzee Hassan, "Alikunywa mara ya mwisho lini?" Mzee Hassan akasema, "Majirani wanasema amemwaga zote, ameacha." Daktari akauliza, "Nani alimwambia aache hivi, bila dawa, bila mtu wa kumwangalia?" Mzee Hassan akasema, "Mtaalamu wake." Daktari akaenda kutafuta sindano.

Hili watakufundisha huko unakoenda, nadhani hata wiki ya kwanza. Ni jambo dogo kulijua. Yule kijana mwema hakulijua. Alisoma miaka, akafaulu, akaruhusiwa kukaa na watu kama mimi, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu humwambii aache leo. Sina kinyongo naye. Lakini mtu akiniambia mafunzo hayo ni sharti tu, mimi narudi kwenye ile sakafu.

Utauliza kwa nini sikukuambia siku zote hizi. Mwanzoni ulikuwa mdogo. Halafu ukaenda bweni. Halafu nikaona ukisikia utadhani ni kisingizio. Mlevi ana visingizio vingi sana, hata ukweli wake ukija unafanana navyo.

Na kuna kosa langu hapo ambalo halimo kwenye chupa. Ni lile neno "kwa ajili yenu." Nililisema kwa upendo, lakini niliwatwisha mzigo. Kama naacha kwa sababu nawapenda, basi kila nikishindwa maana yake siwapendi, na mtoto hufanya hesabu hiyo haraka sana. Niliwafanya ninyi kuwa dawa yangu. Hakuna mtoto anayepaswa kuwa dawa.

Wa tatu alikuwa Mukami. Alikuja kando ya kitanda changu pale hospitalini Embu, msichana mwembamba, koti jeupe linamzidi mabega. Nikafikiri ataniuliza juu ya mama yangu au ataomba picha. Aliketi, akafungua kalamu, akaifunga tena. Akasema, "Mama Wawira, nikwambie ukweli. Mimi ni mwanasaikolojia lakini mambo ya pombe nilisomeshwa kidogo sana. Nikijifanya najua, nitakuumiza. Lakini kuna mahali Meru wanajua. Nikupeleke?"

Nikamuuliza, "Na wewe utabaki hapa?"

Akacheka kwa aibu. "Mimi nimeomba wanifundishe. Nitakuwa huko pia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ninyi mlibaki na cucu, mkaambiwa nimelazwa Meru, na hiyo ilikuwa kweli. Mahali penyewe ni pale pale unapokwenda wewe, nje ya mji, upande wa kupandia milima ya Nyambene, asubuhi kuna ukungu huoni hata kamba ya nguo. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kwa duara. Na kwenye duara hilo alikaa Mukami, si kama daktari, kama mwanafunzi. Nyuma yake aliketi mwalimu wake, mwanamume mmoja mkimya, akimsikiliza anavyotuuliza. Sisi ndio tuliokuwa kitabu chake. Nilimwona akikosea. Siku moja alimsifu mtu kwa kukaa bila kunywa, akamsifu sana, na yule mtu akatoroka usiku huo huo kwa sababu hakuweza kuzibeba zile sifa. Kesho yake macho ya Mukami yalikuwa mekundu, lakini alirudi akaketi kwenye kiti chake.

Alikuwepo Baba Kananu, dalali wa miraa kutoka Laare, mtu wa nyumbani, sauti kubwa. Naye alianza kama mimi, kuzima stimu. Alimtania Mukami kila siku: "Daktari, na wewe unaleweshwa na nini?" Wote tukacheka. Siku moja mwalimu wake akamwambia amjibu. Akafikiri, akasema, "Mimi nikisifiwa nalewa. Nataka mtu apone ili aseme ni Mukami alimponya." Hakuna aliyecheka. Baba Kananu akasema, "Sasa tunaweza kuongea na wewe."

Baadaye wakaanza kututoa nje kidogo kidogo. Mara ya kwanza tulienda soko la Gakoromone kununua viazi na kabeji za jikoni: mimi, Baba Kananu, Mukami, na yule mwalimu akifuata mbali. Tulipita salama mpaka tukafika pale wauza miraa wanapopanga vifurushi vyao ndani ya majani ya mgomba. Baba Kananu akasimama. Hakuenda mbele wala nyuma. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa baridi. Nikamwona Mukami akiinua mkono kumvuta, kisha akaushusha. Akasimama ubavuni pake tu.

"Unaona nini?" akamuuliza.

"Hii ya mwisho pale ni ya jana," akasema. "Wameinyunyizia maji."

"Na nini tena?"

"Nasikia koo inaita. Haiiti miraa. Inaita kile kinachokuja baadaye."

"Iko wapi, hiyo sauti? Koo tu?"

"Na hapa," akagusa kifua.

Wakaendelea hivyo, yeye anauliza, huyu anajibu, watu wanatugonga na magunia wakitutukana. Ilichukua muda kama wa kumenya viazi vya watu wanne. Halafu Baba Kananu akapumua, akasema kwa mshangao, "Imepita." Akasema tena, "Wee! Kumbe inapita yenyewe." Nami pale kando, na kabeji zangu mikononi, nikajifunza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia. Nilikuwa siku zote nikidhani ile hamu itapanda na kupanda mpaka iniue. Sikujua inapita.

Nilirudi nyumbani. Na utakumbuka nilianguka tena kwenye pombe, siku za mvua, kabla Krismasi haijafika. Hiyo siisemi ili uhuzunike. Nataka uone alichofanya Mukami, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza mafunzo na kurudi Embu. Nilienda kwake nikiwa nataka kuzomewa. Nilikuwa tayari kwa hilo. Akaniambia, "Nieleze siku ile kama sinema, tangu asubuhi."

Nikamweleza. Duka, mvua, nikakaanga mandazi, nikamimina chai. Wewe ukapita nyuma yangu, ukachukua kikombe changu, ukanusa, ukakirudisha, ukaenda.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinusa tu."

"Na wewe ukajiambia nini moyoni?"

"Kwamba hata nikiacha ni kazi bure."

Nilingoja aseme mtoto akomeshwe. Akasema, "Ana haki ya kunusa. Hiyo pua ndiyo iliyomlinda miaka hiyo yote. Wewe mpe kikombe mwenyewe, kabla hajakichukua." Nikamwambia nitaona aibu. Akasema, "Utaona. Lakini utaiona mapema, ikiwa bado ndogo."

Basi nikaanza. Kila jioni namimina chai, nakuita, nakupa. Mwanzoni uliangalia pembeni, lakini ulinusa. Ulinusa muda mrefu sana, Ireri, mpaka ulipomaliza darasa la saba. Nikazoea. Halafu jioni moja nikakupa kikombe, na wewe ulikuwa unaongea na Wawira juu ya mechi, ukakichukua bila kuangalia, ukakinywa chote. Ukasema, "Mami, hii chai haina sukari." Nikaenda nikasimama katikati ya magunia ya unga nikalia. Pengine wewe hata hukumbuki.

Nisikudanganye lakini kwamba wakifundishwa wanaponya kila mtu. Baba Kananu alikaa vizuri miaka mingi, akawa anatupigia simu akitutania. Kisha akarudia, na ini lake likakataa. Tulienda mazishini Laare, mimi na Mukami, mvua inanyesha, matope mpaka kwenye vifundo. Mukami alilia kama mtu wa familia. Nikamuuliza, maana nilitaka kujua, "Kuna mahali ulikosea?" Akasema, "Nimetafuta, sijapaona. Nilifanya nilichofundishwa na bado amekufa. Hata hilo wanakufundisha, Mama Wawira, ila darasani hulielewi."

Nadhani najua kwa nini ulicheka mezani. Hudharau watu hao. Umewachoka tangu utotoni, na sasa unaambiwa ili upewe kazi unayoipenda lazima kwanza urudi ukakae nao. Ningekuwa wewe ningelalamika zaidi. Kwa hivyo siandiki ili uwe mtu wa walevi. Rudi kwenye ndoa zako na watu wako wa maofisini, nitakufurahia. Lakini watakuja kwako huko huko. Atakuja mwanamke akisema mume wangu hanisemeshi. Atakuja karani akisema kichwa, usingizi, bosi wangu. Hakuna atakayeketi aseme nimeletwa na chupa. Muulize. Muulize kwa sauti ile ile unayoulizia kama amekula, kisha ukidanganywa usione haya kuuliza siku nyingine. Na siku utakayofika mwisho wa unachokijua, sema hivyo wazi, kama yule msichana mwenye koti kubwa.

Moja tu limebaki. Huko Meru kuna siku mtu atakaa mbele yako, ananuka, anaapa, na utamchukia. Itakushangaza ilivyo kubwa hiyo chuki. Huyo mtu nitakuwa mimi. Usimfukuze, wala usijifanye hukuhisi. Mwambie mwalimu wako, "Mama yangu alikuwa hivi." Una ruhusa yangu. Sema jina langu ukitaka. Mimi kule wananijua.

Nawasikia langoni, wewe na baba yako, mnacheka juu ya jambo fulani la cucu. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa koti lako uikute ukiwa umeshafika, ili nisiwepo ukiisoma. Nimebadili nia. Nitakupa mkononi sasa hivi, na mimi nitakuwa nje kwenye benchi. Ukimaliza, njoo. Kama una hasira, njoo nayo. Kama huna neno, tukae tu, na tusiongee juu ya mvua.

Mama yako,
Nkatha